Farasi Kisimani

Siku ya raundi ya mwisho ya mashindano ya sataranji, Dobi aliamka na mvuke kichwani. Ndivyo alivyozoea kusema mwenyewe. Ukinyoosha mashuka ya watu miaka nenda miaka rudi, kichwa nacho kinaingia mvuke: mambo yanakujia na ukungu pembeni, na katikati yako wazi kabisa, kama tone la maji linalochemka juu ya pasi. Hata hivyo alipitia kazini kwanza, kwa sababu mashuka ya hospitali hayana habari na mashindano ya mtu.

Chumba cha kupigia pasi kilikuwa nyuma ya mashine za kufulia, na dirisha lake lilikuwa halifunguki tangu lipakwe rangi. Alitandaza shuka, akalinyunyizia maji kwa vidole, akalipitisha pasi, akalikunja na kulikunja tena mpaka likawa mraba mmoja mweupe. Akauweka mraba juu ya meza, akavuta shuka jingine. Mchezo wake alikuwa ameulelea humo humo. Kila mraba uliolala mezani aliupa mtu wake moyoni: huyu mfalme, huyu askari, yule pale farasi. Mikono iliendelea na kazi ya watu, na macho yalikuwa yakicheza na mtu ambaye hakuwamo chumbani.

Mtu huyo alikuwa kaka yake.

Kaka yake wa baba mmoja mama mmoja alikuwa bingwa. Kazi yake ilikuwa kupima viwanja, lakini mjini hakuna aliyemjua kwa kamba na vigingi. Walimjua kwa sataranji, wakamwita Kimya, maana alikuwa hafungui mdomo akicheza, wala kabla, wala baada. Hata akitaka kumpa mtu sare hakusema. Alivikutanisha vidole viwili juu ya meza, msalaba, na mwenzake akaelewa. Alama zake kwenye ubao wa chama cha sataranji zilikaa juu kabisa. Za Dobi zilikaa chini huko, jirani na za watu waliojiandikisha kisha wakahama mji.

Kwa watu wengine ule ukimya ulikuwa tabia tu. Kwa Dobi ulikuwa adhabu. Kaka hakuwa amemsemesha tangu baba yao afariki.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Kaka alikuwa safarini, mji wa mbali, katika mashindano makubwa kuliko yote aliyowahi kuingia. Huku nyumbani baba yao, seremala, alikuwa kitandani na kifua, kikazidi. Dobi akashika simu ampigie kaka. Baba akamwambia, "Weka simu. Muache mwenzio amalize mchezo." Akaiweka. Kaka alirudi na kikombe mkononi, akakuta watu wamekwisha zika na wengine wamekwisha kwenda zao. Akasikia maneno ya watu, kwamba mdogo wake alikuwa na simu mkononi na hakupiga. Hakuuliza kwa nini. Alikiweka kile kikombe barazani, katikati ya viatu vya wageni, akaondoka. Tangu hapo Dobi akimwamkia, alipita kama mtu anayepita kando ya nguzo.

Dobi alituma watu. Alimtuma shangazi yao, dada yake baba, mwanamke ambaye hakuna mlango uliowahi kumshinda, naye akarudi na jibu: "Kaninywesha chai, kanisindikiza mpaka njiani. Nikikutaja wewe, anahesabu mawingu." Akaenda mwenyewe. Mlango ulifunguliwa na wifi yake, aliyesema kaka mtu kalala, na huku nyuma yake kaka mtu anakohoa. Sasa mtu akikunyima neno utamfanya nini? Mdomo wa mtu si kopo, kwamba utaufungua kwa kisu.

Lakini njia moja ilikuwapo, na walioijua walikuwa watatu tu: Dobi, shangazi, na kaka mwenyewe. Baba yao hakupenda majigambo. Aliwafundisha watoto wake sataranji wakingali na meno ya utoto, na pamoja na mchezo akawawekea sheria. Mchezo ukiisha, aliyeshinda ni marufuku kufungua mdomo mpaka aliyeshindwa aseme kwanza. Aseme lolote. Akitaka kusema habari ya mvua, sawa. Akinuna, asikaribie chakula. "Aliyepoteza mfalme asipoteze na ulimi," baba alisema. Sheria ile haikujua mkubwa wala mdogo. Na wakitoka sare, kila mtu na lake. Kaka aliifuata tangu ana kaptura mpaka ana ndevu, hata siku zile adimu sana ambazo mdogo wake alimbahatisha.

Kwa hiyo Dobi hakutaka kikombe, wala hakutaka alama. Alitaka kumfunga kaka yake mchezo mmoja, ili kaka aseme. Akifungwa yeye, itabidi yeye ndiye aanze, na yeye alikwisha anza mpaka koo likamkauka. Wakienda sare, kimya kitabaki pale pale kilipo. Ndiyo sababu aliingia mashindano ambayo watu wa alama zake huingia ili wapate pa kukaa Jumapili.

Na kama ndoto, aliendelea kupita. Raundi moja mpinzani hakutokea. Nyingine alishinda kwa uvumilivu. Nyingine kinyozi wa sokoni, mchezaji mzuri tu, alisahau kubonyeza saa yake kwa kuwa alikuwa akimweleza jirani namna anavyoshinda. Mwamuzi alipobandika majina ya raundi ya mwisho, kaka yuko meza ya kwanza, na anayemkabili ni mdogo wake.

Ukumbi ulikuwa ghorofani, juu ya duka la vioo. Chini, barabarani, mafundi walikuwa wakitoa vioo vikubwa dukani na kuvisimamisha garini, na kila kioo kilipogeuka, kipande cha jua kiliruka kikaingia dirishani, kikatambaa darini polepole kama samaki ndani ya maji, kisha kikazimika. Wageni walikuwa wakiinua vichwa kutazama. Wenyeji walikwisha zoea.

Shangazi alimsubiri kwenye ngazi na mto kwapani, kwa sababu viti vya chama, alisema, vilitengenezwa na mtu asiye na makalio.

"Umekula?"

"Nimekula, shangazi."

"Umekula nini? Uso huo ni wa mtu aliyekula hewa."

"Mkate."

"Haya. Sikiliza. Mchezo wenu siujui, mimi naona watu wazima wanasukuma vinyago. Lakini kaka yako namjua, nimembeba mgongoni yule. Mkaidi tangu tumboni. Alikataa kutoka mpaka mkunga akaenda kulala. Sasa wewe usimvizie kwa pupa."

"Simvizii. Nacheza tu."

"Anayecheza tu hatetemeki mikono."

Dobi akaitazama mikono yake. "Ni pasi hiyo."

"Mm. Pasi."

Mlangoni walimkuta kinyozi amezungukwa na watu. "Si kwamba alinifunga," alikuwa akisema. "Nilimwachia. Mtu ananinyooshea makoti, nitamfunga vipi?" Akamwona. "Karibu, dada. Nimekuja kuona unavyonyolewa. Kimya huwa hatii maji kwanza."

"Ukija kutazama funga mdomo," Dobi akamwambia, "usije ukameza nywele."

Watu wakacheka, kinyozi naye akacheka, akampisha.

Kaka alikwisha kaa. Dobi alipofika mezani alisimama kidogo, kama inavyompasa mdogo, akasema, "Shikamoo, kaka." Kaka akainuka nusu, akampa mkono ambao kanuni za chama zinataka kila mchezaji ampe mwenzake, na macho yake yakabaki kwenye ubao. Mkono ulikuwa mkavu na wa baridi. Dobi akaketi. Hakuwa amemkaribia hivyo siku nyingi. Aliona mvi zimeingia kwenye ndevu kwa upande mmoja tu, kama mtu aliyelalia majivu. Aliona kola ya shati, na kwenye kola mkunjo ambao mtu ameupigia pasi ukiwa hivyo hivyo, ukawa wa kudumu. Vidole vyake vilitaka kwenda kuunyoosha. Akavibana chini ya meza.

Mwamuzi, mwalimu mstaafu mwenye viatu visivyo na sauti, akatoa ishara. Saa zikaanza.

Kaka ndiye aliyekuwa na weupe, akaanza kwa njia ya vitabuni ambayo Dobi hakuwahi kuifuata. Alielewa. Kaka hataki wakutane mahali wanapopajua wote wawili. Naye hakumfuata vitabuni. Alisogeza askari wake mmoja mmoja, kama mtu anayerudi nyumbani bila haraka, na kila kaka alipopinda kona, yeye alishika kile kichochoro cha zamani. Polepole vipande vikaanza kujipanga kama vilivyozoea kujipanga mezani kwa baba.

Ile meza baba aliitengeneza mwenyewe kwa mabaki ya mbao za mlango wa mtu. Juu yake akachora ubao wa sataranji: nyumba nyeusi alizipaka kwa maji ya majani ya chai yaliyochemshwa mpaka yakawa mazito, nyumba nyeupe akaziacha na rangi ya ubao. Ilikuwa na kasoro moja. Katika nyumba mojawapo, karibu na katikati, palikuwa na fundo la mti. Fundo likakauka, siku moja likadondoka, pakabaki tundu la kupita kidole gumba. Kipande ukikiweka pale kinainama, kinakwenda zake sakafuni. Baba alisema ataliziba kesho. Ninyi mnawajua maseremala: milango ya mji mzima inafunga, wao kwao wanalala na kiti mgongoni mwa mlango. Tundu likabaki, watoto wakaliita kisima, na ikawa kanuni kwamba kisimani hakai mtu. Unaweza kuruka juu yake, lakini huwezi kusimama. Watu wengine walijifunza sataranji yenye nyumba sitini na nne. Wao wawili walijifunza yenye sitini na tatu. Na mchezo ukiwa mkali, watoto wamekunja nyuso, baba alikuwa akipitisha mkono chini ya meza akachomoza kidole kisimani kama panya anayechungulia, na mfalme, malkia, na jeshi zima wakaanguka kwa kicheko.

Dobi aliyafikiria hayo, au hakuyafikiria. Yalikuwa mle kwenye mvuke. Ukumbi ulikuwa na joto la mchana, saa zilikuwa zikienda tik tik mezani kwa watu, na mara moja moja mtu alikohoa mbali, kama anayekohoa nyumba ya pili. Aliinua kichwa akaona samaki wa mwanga akipita darini. Akaushusha, akaona mashuka yamekunjwa, meupe na ya kijivu, na juu ya mashuka watu wadogo wamesimama wakimngoja. Hakuwa amelala. Ila asingekula kiapo kwamba alikuwa macho.

Watu walianza kukusanyika nyuma ya meza ya kwanza. Walikuja kuona Dobi anaanguka, wakakuta haanguki. Kaka alimbana upande wa kushoto, akabanika na hakuvunjika. Farasi mmoja wa Dobi alizuiwa njia zote, amesimama katikati ya jeshi kama mgeni kwenye ugomvi wa ndugu, lakini hakuna aliyeweza kumla. Kaka akafikiri sana. Kisha akanyoosha mikono yote miwili juu ya meza, akavikutanisha vidole. Msalaba.

Sare.

Nyuma ya Dobi watu walivuta pumzi. Sare ilimtosha kaka kuchukua kikombe, kila mtu alijua. Na kwa mtu wa alama kama za Dobi, sare na Kimya ingekuwa hadithi ya kusimulia mpaka kaburini. Alimsikia kinyozi akinong'ona, "Chukua, chukua, chukua," kama anayeita kuku.

Dobi alivitazama vile vidole. Kwenye kidole kimoja palikuwa na alama nyembamba ya kamba ya kupimia. Akaelewa kwamba kaka naye anaikumbuka sheria. Ndiyo maana anaomba sare. Anatafuta mlango wa kutokea kimya kimya. Kama angekuwa na hakika ya kushinda asingeomba, na kama angekuwa hajali angecheza ovyo. Anaogopa. Lakini anaogopa nini, kusema neno moja tu?

Akasogeza askari wake wa pembeni hatua moja, akabonyeza saa.

"Huyu mwanamke," kinyozi akasema, na mwamuzi akamtazama.

Kaka akavirudisha vidole vyake taratibu. Shingo yake ikaingia rangi. Hapo alianza kucheza kama Kimya wa kwenye magazeti: haraka, kwa mkono mwepesi, kila kipande kikitua bila kugonga. Akapeleka ngome. Akapeleka askofu. Dobi alikuwa akizuia hapa panatoboka pale, kama mtu anayekinga paa bovu kwa sufuria. Mwisho kaka akamwinua malkia wake, akamtuliza mahali ambapo, zamu ijayo, angeingia moja kwa moja chumbani kwa mfalme mweusi. Akaegemea nyuma. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuegemea.

Dobi akatazama. Hakuna njia. Akatazama tena. Askari, hapana. Ngome iko mbali. Farasi kila anakotaka kwenda pana mlinzi. Saa yake ilikuwa ikila dakika, naye hakusikia. Aliona tu ukungu ukisogea kutoka pembeni, polepole, na katikati pakibaki wazi. Nyuma, mtu akavuta kiti. Chini barabarani fundi akamwambia mwenzake, "Inua kwako, inua, usikilaze," na kioo kikageuka.

Mwanga ukapanda dirishani. Safari hii haukwenda darini. Kioo kilikuwa kimeinama, basi ukaingia chini chini, ukapita juu ya mabega ya watu, ukashuka mezani. Ukatembea juu ya ubao nyumba kwa nyumba, mweupe, bila haraka. Ukamgusa askari, ukamgusa askofu. Ukafika kisimani, na Dobi akauangalia ili auone ukizama.

Haukuzama. Ulipita juu ya nyumba ile kama ulivyopita juu ya nyingine zote, ukaendelea na safari yake, ukazimika.

Dobi akapepesa macho. Pale palikuwa na nyumba. Ilikuwapo tangu mchezo uanze, kijivu, nzima, ya plastiki, kama wenzake. Hakuna mlinzi aliyeilinda. Kaka hakuweka hata askari mmoja wa kuitazama, kaka ambaye akicheza na mabingwa wa nje anaitumia nyumba ile ile kama mtu mwingine yeyote. Kwao alikuwa na macho mengine. Lakini akikaa mbele ya mdogo wake alikuwa amekaa kwenye meza ya baba, na kwenye meza ya baba pale ni kisima. Naye Dobi vile vile, tangu mchana, alikuwa akikizunguka.

Akanyoosha mkono. Akamshika farasi, akamrusha, akamtuliza kisimani. Hakumwachia mara moja. Alimzungushia vidole kama unavyomzungushia vidole mtoto anayejifunza kusimama, akingoja ainame, akingoja sauti ya kipande kikigonga sakafu. Kisha akaondoa kidole kimoja, na kingine, na kingine.

Farasi akasimama.

Akiwa pale alimkaba mfalme mweupe, na papo hapo, kwa upande wa pili, alimkaba malkia. Kwa sheria ya mchezo mfalme ndiye wa kwanza kuokolewa. Malkia ndiyo basi tena.

Dobi akabonyeza saa.

Kaka alitazama ubao kama mtu aliyeona mtu amesimama juu ya maji. Mwanzoni uso wake haukuonyesha kitu. Kisha nyusi zikapanda. Kisha akafanya jambo ambalo waliokuwapo walilisimulia baadaye na kulielezea vibaya, wakisema kalamu ilimdondoka: Kimya, bingwa wa mji, aliinamisha kichwa, akachungulia chini ya meza.

Alikaa huko chini kidogo. Alipoinuka, macho yake yalikutana na ya mdogo wake, na safari hii hayakukimbia.

Akamwondoa mfalme. Dobi akamla malkia. Kaka akapigana kidogo na walinzi waliobaki, lakini alipigana kama mtu anayefagia chumba anachokihama. Hatimaye akamshika mfalme wake kichwani kwa kidole, akamlaza.

Ukumbi ukavuma. Mwamuzi akaja, wakatia sahihi, akaenda. Kinyozi alimfikia Dobi wa kwanza. "Dada, mimi nilisema. Si nilisema? Nani alinisikia?" Dobi akamtazama bila neno. Wengine wakampa mikono, wakamwambia hongera, wakamwuliza aliionaje nyumba ile. Naye akapokea mikono na mdomo umefungwa.

"Eh," kinyozi akasema, "ushindi umeshampa kiburi."

"Hebu mpishe," shangazi akasema. Alikwisha fika na mto wake. "Kwao mshindi hasemi."

"Hata asante?"

"Hata asante. Wewe ungekufa siku ya kwanza. Twende, nenda kanitafutie maji." Akamvuta kwa mkono wa shati, akawasukuma na wengine kwa ule mto, na watu wakarudi nyuma kwenda kutazama meza ambazo bado zilikuwa zikicheza.

Wakabaki wawili. Dobi hakuinuka. Alijua kaka anaweza kuchukua koti lake na kushuka ngazi. Baba hayupo wa kumnyima chakula. Ukuta mzima wa sheria ile sasa ulikuwa umeshikiliwa na mtu mmoja tu, naye ndiye aliyefungwa.

Kaka akachukua koti kweli. Akalivaa mkono mmoja. Halafu akakaa nalo hivyo, mkono mmoja ndani, mmoja nje, akaanza kurudisha vipande vyake kwenye nyumba zao. Alirudisha askari. Alirudisha ngome. Akafuta vumbi ambalo halikuwapo. Dobi alimsikia akivuta pumzi, akiiachia, akivuta nyingine. Alitamani kumsaidia. Neno lilimjia mpaka kwenye meno, neno lolote, hata la mvua. Akalimeza.

"Aliumia?" kaka akasema.

Sauti ilikuwa nzito, imepata kutu. Akakohoa, akairudia.

"Siku ile. Mzee aliumia?"

"Asubuhi aliumia," Dobi akasema. "Mchana yakapoa. Akawa anaongea."

"Aliniita?"

"Hapana. Alikuwa anauliza saa. Nikimwambia saa, anasema, basi bado anacheza. Baadaye kidogo anauliza tena."

Kaka alikuwa ameshika askofu, akawa anamgeuzageuza.

"Nilikuwa nimeshika simu, kaka."

"Najua. Usiseme simu." Akamrudisha askofu kwenye nyumba yake, na Dobi akadhani ndiyo mwisho, lakini haukuwa. "Nilijiambia, nikimuuliza huyu, ataniambia moja kati ya mawili. Kwamba mzee aliniita nami sikuwapo. Au kwamba hakuniita kabisa. Lipi nilichukue? Nikaona heri nisiulize. Kisha siku zikapita, na ukikaa bila kuuliza, kuuliza kwenyewe kunakuwa kitu cha aibu. Unakiona kila siku kimekua. Mimi napima viwanja, napima ardhi ya watu, lakini kile..." Akaacha. "Alitaka nishinde?"

"Alitaka umalize. Hakusema ushinde."

"Hakusema nishinde."

"Hapana. Kuna wakati alisema, akifungwa atakuja mapema, akishinda atachelewa. Basi acha achelewe."

Kaka akacheka. Kicheko kilimtoka vibaya, nusu yake kicheko na nusu yake kitu kingine, na kilikuwa kikubwa. Vichwa vikageuka. Mwamuzi akaja kwa viatu vyake visivyo na sauti, akainama.

"Ndugu zangu, samahani. Wengine bado wanacheza. Kama ni mazungumzo, nje."

"Samahani, mwalimu," kaka akasema. Mwamuzi, aliyemwamulia michezo yake miaka yote na hakuwahi kuisikia sauti ile, alisimama pale pale baada yao kuondoka, mkono shavuni.

Walishuka mpaka katikati ya ngazi, kaka mbele, koti likining'inia upande mmoja. Huko juu shangazi alikuwa akimwambia mtu kwamba bado hajaletewa maji. Chini, duka la vioo lilikuwa linafungwa. Mafundi walikuwa wakisokota karatasi na kuziingiza katikati ya kioo na kioo ili visigongane njiani. Kaka akaketi kwenye kidato. Akamfutia Dobi nafasi kwa kiganja, na Dobi akaketi.

"Sasa nieleze," kaka akasema. "Usinirukie chochote. Anzia asubuhi."

Dobi akafikiri asubuhi ile ilianza wapi. Ilianza na baridi, akakumbuka, na baba akiomba dirisha lifunguliwe.

"Aliamka kabla yangu," akasema. "Nilipoingia nilimkuta amekaa kitandani, anatafuta kiatu..."